Nani Hasa Humpeleka Mkenya Olimpiki?

Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi ya ndondi hapa Nakuru, binti mmoja alinifuata akiwa bado anafungua bendeji mikononi. "Mwalimu, nikishinda mchujo wa taifa, serikali ndiyo itanipeleka Olimpiki?" Nafundisha uongozi wa michezo, na swali hili hunifikia kila msimu, hata kutoka kwa makocha.

Si serikali. Serikali hutoa fedha, tena nyingi, lakini haina uwezo wa kuandikisha hata mchezaji mmoja. Mkataba wa Olimpiki, yaani kanuni kuu za michezo hiyo, umeiachia kazi hiyo kamati ya Olimpiki ya kila nchi, peke yake. Kamati yetu ilianza mwaka 1955, Kenya ikiwa bado koloni, na mwaka uliofuata timu yetu ya kwanza ikashiriki Melbourne. Medali ya kwanza ililetwa na Wilson Kiprugut: shaba ya mita 800, Tokyo 1964.

Kamati hiyo si idara ya wizara. Nguzo zake ni mashirikisho ya michezo: riadha, ndondi, raga, voliboli na mengineyo. Shirikisho huteua, kamati huwasilisha majina. Katika riadha, nchi hairuhusiwi kuingiza zaidi ya watu watatu katika kila mbio, na hapo ndipo machozi hutoka kwetu, maana anayemaliza wa nne kwenye mchujo wa Kenya mara nyingi angekuwa bingwa kwingine.

Lakini machozi makubwa zaidi ni ya 1976 na 1980. Kenya ilisusia Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand haikufukuzwa ingawa timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Miaka minne baadaye tukasusia Moscow, safari hii kwa ajili ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Henry Rono, kijana wa Nandi, alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 katika siku 81: mita 3,000, 5,000, 10,000, na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hakukimbia Olimpiki hata siku moja. Msimamo wa 1976 naamini ulikuwa wa haki, na bado namsikitikia Rono kila ninapozitaja rekodi hizo. Siku hizi mkataba unazitaka kamati zote zipeleke wanamichezo kwenye michezo ya kiangazi, na zisikubali kushinikizwa na wanasiasa.

Binti yule nilimsimulia habari za Robert Wangila, aliyetwaa dhahabu ya ndondi Seoul mwaka 1988, dhahabu pekee ya Kenya nje ya riadha hadi leo. Macho yakamng'aa. Kisha nikamuuliza kama klabu yao imesajiliwa na shirikisho, kwa kuwa bila usajili huo jina lake halina njia ya kuifikia kamati. Hakujua. Tukaenda pamoja kumuuliza kocha.