Je, sumaku inatibuje sonona? (Sio shoti jamani)

Hivi mnajua kuna mashine inatibu sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, kwa kukuwekea sumaku kichwani? Mi nilivyosikia nikajua ni ile ya kupigwa shoti, na bahati mbaya nikaisema kwa sauti, kijiwe cha kahawa Mwanjelwa, nikawaelezea watu kabisa kwamba unafungwa waya mbili unapigwa umeme mpaka huzuni ikimbie. Mzee mmoja akauliza, sasa kama ni sumaku, umeme unatokea wapi? Nikanywa kahawa yangu.

Kumbe nilichanganya mafaili. Ya umeme ipo kweli, ilianzia Roma mwaka 1938, na hata yenyewe siku hizi sio mateso, mgonjwa anapewa nusu kaputi na dawa ya kulegeza misuli afu ndo analetewa degedege fupi kwa makusudi, bado inatumika kwa sonona kali sana, shida yake kubwa ni kumbukumbu kuyumba. Ya sumaku ni nyingine kabisa. Unakaa kwenye kiti macho makavu, unasikia ta-ta-ta-ta kama kigogota katua kichwani, ikiisha unaondoka na kupanda bajaji yako. Kosa langu la pili, nilidhani sumaku inavuta kitu humo ndani, labda chuma cha kwenye damu. Haivuti kitu! Jibandike sumaku ya spika kwenye paji la uso wiki nzima, utaambulia kuchekwa tu.

Siri yote iko kwenye dinamo ya baiskeli. Unashuka mteremko wa Iwambi usiku, dinamo inasuguana na tairi, taa inawaka kweli kweli, ukianza kupandisha inafifia, ukisimama giza. Na sumaku bado imo humohumo ndani ya dinamo, haijaenda popote, imeacha kuzunguka tu. Yani umeme unazaliwa pale sumaku inapobadilika, ikitulia hamna kitu, mwanasayansi Mwingereza Faraday alishalionyesha hilo 1831. Sasa kwenye mashine hakuna kinachozunguka, ila kuna koili ya waya, mara nyingi umbo la namba 8, inapitishiwa umeme mkali kwa muda mfupi mno, sumaku inachomoza na kuzima, inachomoza na kuzima. Fuvu linauzuia sana umeme lakini sumaku inalipita kama halipo. Na huko ndani badala ya waya wa shaba inakuta neva, zinazaliwa vijimkondo vidogo, neva zinashtuka. Kwa hiyo mzee aliuliza vizuri, umeme upo, ila unazaliwa ndani kwa ndani.

Dozi wanaipimaje? Wanaweka koili juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, wanaongeza nguvu taratibu mpaka dole gumba liruke lenyewe. Dole lako, na wewe hujalituma! Afu ndo wanahamia mbele kushoto, sehemu inayosaidia kudhibiti hisia.

Ila kwa nini kuishtua kunaondoa sonona, hapo maelezo yanakuwa membamba. Wanafananisha na njia ya mguu shambani, ukipita mara moja majani yanainuka tena, ndo maana watu wanarudi siku 5 kwa wiki, wiki 4 mpaka 6. Mfano mtamu, ushahidi wake kwenye ubongo bado haujashiba. Na kwenye majaribio hata waliokalishwa chini ya mashine feki wapo waliopata nafuu. Lakini waliowekewa mashine ya kweli walipata nafuu zaidi ya hao wa feki, Marekani wakaipitisha 2008 kwa watu ambao dawa zimegoma. Sio wote inawasaidia, na wengine sonona inarudi.

Kichwa kuuma ni kawaida, degedege hutokea mara chache sana. Mwenye chuma kichwani, mfano kipande cha risasi au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, haruhusiwi. Meno ya kuziba kwa kawaida hayana shida, hilo aliuliza mzee nilivyorudi kijiweni.