Buzzcocks hawakuwa wa kwanza, ila walichofanya ni kikubwa

Jamani hii stori kwamba Spiral Scratch ya bendi ya Buzzcocks ndo rekodi ya kwanza ya punk (rock ya kasi na fujo) Uingereza kutoka nje ya makampuni makubwa, si kweli. Bendi ya The Damned walishatoa wimbo wa New Rose Oktoba 1976 chini ya Stiff, lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ndogo ya kujitegemea. Buzzcocks wamekuja Januari 1977, ila hawa vijana wa Manchester walikopa pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakarekodi nyimbo 4, wakaanzisha lebo yao wenyewe New Hormones, wakatoa kopi 1,000 zikaisha, na kwenye kava wakaandika kabisa kila wimbo umerekodiwa mara ya ngapi, yaani msikilizaji aone kazi inavyofanyika, hapo ndo mi nawaheshimu sana. Agosti mwaka huohuo wakasaini na kampuni kubwa ya rekodi, United Artists.