Kipozeo cha giaboksi hakiponyi gari inayochemsha

Kuna sentensi inayozunguka siku hizi, bandarini Mkoani, kwenye gereji za Chake Chake, na Unguja kwa wenye boti za Nungwi: "Pikapu yangu inachemsha, nataka kuitia kipozeo cha giaboksi." Anayeisema huwa ameshauliza bei na pengine ameshaagiza. Lakini kuchemsha ni maradhi ya injini, na kipozeo cha giaboksi hakikutengenezwa kwa maradhi hayo. Inaniuma kwa sababu kifaa chenyewe ni kizuri mno. Kinaweza kuirefushia maisha gari ya miaka 25, ila kikinunuliwa kwa sababu isiyokuwa yake, mwenye gari anaishia kusema kipozeo hakifai kitu.

Maana yake ni nyepesi. Kipozeo cha giaboksi ni rejeta ndogo inayopitisha mafuta ya giaboksi ya otomatiki badala ya maji. Pampu iliyomo ndani ya giaboksi inayasukuma mafuta yakiwa ya moto, yanapita kwenye vijia vyembamba vyenye mapezi ya alumini, upepo unayapunguza joto, yanarudi yalikotoka. Kinachoitwa cha ziada ni kile unachonunua na kukifunga baadaye, nyuma ya grili na mbele ya rejeta. Kwa gia za mkono hakuna habari hiyo. Giaboksi ya pikapu yenye klachi ya mguu, na huku Pemba ndizo nyingi, inarusharusha oili yake ndani kwa meno ya gia. Haina pampu ya kuitoa nje wala paipu za kuungia. Atakayekuuzia kipozeo kwa gari hiyo amekuuzia pambo.

Cha kuelewa vizuri ni joto linakotoka. Kwenye otomatiki, kati ya injini na gia kuna toki konveta, yaani duara la chuma lililojaa mafuta. Upande mmoja una mapanga yanayozungushwa na injini, upande wa pili una mapanga yanayopeleka nguvu kwenye gia, na mapanga hayo hayagusani. Nguvu inavuka kwa mafuta kurushwa kutoka upande huu kwenda ule. Aliyebuni mtambo huu ni mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger, mwaka 1905, akiwa kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan huko Stettin. Hakuwa akifikiria magari hata kidogo. Meli za wakati ule zilianza kutumia tabini za mvuke zinazozunguka kwa kasi kubwa, na pangaboi la meli linataka kuzunguka pole, kwa hiyo akatafuta namna ya kuviunganisha viwili hivyo. Mtambo uliozaliwa kwa ajili ya bahari ndio leo unaopandisha magunia ya saruji kutoka bandarini kwenda mjini Mkoani.

Faida yake unaijua: unakanyaga breki, gari inasimama, gia imo ndani na injini haizimiki. Gharama yake ni joto. Upande wa injini ukizunguka kwa kasi na upande wa gia ukawa umesimama au unajikokota, tofauti ile ya mwendo haipotei hewani. Sehemu kubwa yake inaingia ndani ya mafuta ikiwa joto. Gari ikishashika mwendo, giaboksi nyingi za kuanzia miaka ya 1980 zinaifunga toki kwa klachi ndogo ya ndani, pande mbili zinazunguka pamoja na joto linashuka. Ndiyo maana pikapu inayokwenda zake Chake Chake hadi Wete kwa mwendo wa kawaida haimsumbui mtu. Inayoumia ni ile inayovuta boti kutoka mchangani maji yakiwa yametoka: injini inanguruma, magurudumu yanakwenda pole pole, mchanga unakamata, na mbele hakuna upepo unaopita kwa sababu gari haina mwendo. Dakika chache za kazi ile zinayapa mafuta ya giaboksi joto ambalo safari ndefu ya lami haiyapi.

Na wakati huo geji ya dashibodi imetulia katikati.

Hapa ndipo watu wanapochanganya. Geji ile inapima maji ya rejeta. Haipimi mafuta ya giaboksi, haijawahi kuyapima. Injini inaweza kuwa salama kabisa na giaboksi inaungua, na inaweza kuchemsha mpaka mvuke utoke chini ya boneti huku giaboksi haina neno. Toyota kadhaa za magurudumu manne, kama Hilux Surf na Prado, zina taa ya peke yake iliyoandikwa A/T OIL TEMP kwa ajili ya jambo hili, na taa ile huchelewa. Ikiwaka ujue mafuta yameshateseka. Gari inayochemsha itazamwe rejeta iliyoziba, themostati, pampu ya maji, feni, kifuniko cha rejeta, na gasketi ya silinda hedi. Ukiyaacha hayo na kufunga kipozeo mbele ya rejeta iliyojaa matope, umeipunguzia upepo rejeta ambayo tayari inauhitaji.

Jengine linalosemwa vibaya ni kuwa gari haina kipozeo, ndiyo maana inatiwa. Karibu kila pikapu ya otomatiki ilitoka kiwandani nacho, ila hukioni. Tazama tangi la rejeta, la chini au la ubavuni: utaona paipu mbili za chuma zinazokwenda kwenye giaboksi. Humo ndani mna bomba linalopitisha mafuta katikati ya maji. Mpango huo una akili. Asubuhi maji yanayapasha mafuta moto upesi, na mchana yanayapoza. Kasoro yake ni kuwa mafuta hayawezi kutoka humo yakiwa baridi kuliko maji yenyewe, na maji ya injini iliyoshika moto yanakaa kwenye nyuzi 85 hadi 95 za sentigredi. Kwa hiyo kipozeo cha ziada kinafungwa baada ya cha kiwandani, kwenye paipu ya kurudi. Mafuta yaanze kwa maji, yamalizie kwa upepo, kisha yaingie giaboksi. Fundi akikifunga kabla ya rejeta, mafuta yaliyopozwa kwa upepo yanaweza kwenda kupashwa moto tena na maji, na pesa yako imepotea. Upande wa kurudi usikisiwe kwa macho. Paipu moja ifunguliwe, mdomo utiwe kwenye chupa, injini iwashwe kidogo, ionekane mafuta yanatokea wapi.

Mafundi wengine wanairuka rejeta moja kwa moja na kuacha kipozeo cha upepo peke yake. Kwa nchi za baridi hilo lina ubishi mkubwa, kwa sababu mafuta yanaweza kukaa mazito muda mrefu. Kwetu, ambako asubuhi ya baridi kabisa haihitaji hata sweta, hoja hiyo ni dhaifu, na kuna sababu ya nguvu ya kuwaelewa. Rejeta nyingi za magari ya zamani zimejazwa maji ya kisima miaka na miaka badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta yanayozuia kutu, na visima vya karibu na pwani vina chumvi. Kutu inalila lile bomba la ndani taratibu, siku moja linatoboka, na maji yanaingia kwenye giaboksi. Ukichomoa kijiti cha kupimia ukaona mafuta yamegeuka mazito, ya rangi kama sharubati ya stroberi iliyotiwa maziwa, zima gari na usiiendeshe tena hata kuifikisha gereji. Bitana, yaani nyuso za kusuguana za klachi za ndani, zimegandishwa kwa gundi, na maji yanaiharibu gundi ile. Kwa rejeta ya namna hiyo, kuiruka au kuibadilisha ni uamuzi wa busara, na mimi ningeibadilisha kwanza.

Joto linaharibu kwa hesabu kali kuliko watu wanavyodhani. Mafuta ya giaboksi yanafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Kanuni inayotumiwa na wanaojenga giaboksi ni kuwa kila nyuzi 10 hivi zinazozidi hapo zinakata umri wa mafuta nusu. Nusu ya nusu inafika haraka. Mafuta yanakuwa meusi, yananuka kuungua, mipira ya kuzuia mafuta yasivuje inakakamaa, klachi zinaanza kuteleza, na kuteleza kunazaa joto jengine. Kipozeo kinaukata mzunguko huo kabla haujaanza. Kikifungwa baada ya giaboksi kuanza kuteleza, hakirudishi bitana zilizokwisha. Hata ukibadilisha giaboksi nzima, kipozeo cha zamani kioshwe kweli kweli au kiachwe, kwa sababu uchafu wa giaboksi iliyokufa umekaa ndani yake.

Kufunga kwenyewe si kazi ya siku mbili, ila ina adabu zake. Mpira wa kuungia kipozeo uwe wa mafuta ya giaboksi. Wa maji ya rejeta utavimba na kupasuka. Kipozeo kishikwe kwa vyuma, kisipitishiwe vishikizi vya plastiki katikati ya mapezi, maana mtikisiko wa barabara zetu za mashamba utayasaga. Midomo yake itazame juu au ubavuni hewa isikwame. Kwa anayeingia pwani na gari, mapezi yaoshwe kwa maji baridi kila baada ya kazi, kwani alumini na chumvi ya bahari havikai pamoja. Na kama kazi ni ya kuvuta boti, kitafutiwe feni yake ya umeme, kwa sababu ile niliyosema: pale mchangani upepo haupo.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukifika gereji usianze na neno kuchemsha. Mwambie fundi gari ni ya otomatiki, inabeba nini, inavuta nini, na inapanda wapi. Achomoe kijiti injini ikiwa inaunguruma na mafuta yameshapata moto, mtazame rangi pamoja na mnuse. Mafuta yakiwa mekundu na safi, mwambie unataka kipozeo cha ziada, kifungwe kwenye paipu ya kurudi, baada ya rejeta. Na kama ni geji ya maji ndiyo inayopanda, mwambie aifungue rejeta aitazame, na pesa ya kipozeo ikae mfukoni kwanza.