Anayebisha hodi serikalini ni nani?

Katika mafumbo yote ninayofundisha kuhusu serikali kuingilia biashara binafsi, ninalolipenda kuliko yote ni ombi la watengenezaji mishumaa, alilolitunga Mfaransa Frédéric Bastiat mwaka 1845. Watengenezaji hao wanaliandikia Bunge kulalamikia mshindani kutoka nje anayefurika sokoni na mwanga wa bei ya chini mno. Mshindani huyo ni jua. Wanaomba sheria ya kufunga madirisha, mapazia na kila tundu linalopitisha mwanga wa mchana.

Uzito wa fumbo hili uko katika hoja wanazopewa waombaji. Mchana ukizimwa, wanasema, mafuta ya wanyama yatahitajika kwa wingi, hivyo mifugo itaongezeka, na nyama, sufu na ngozi pia. Mizeituni itapandwa. Meli zitakwenda kuvua nyangumi. Kila hatua inaingia akilini, na ndiyo maana msomaji hushtuka akifika mwisho: hoja hizi ni zilezile zinazotolewa na kila kiwanda kinachoomba ushuru dhidi ya bidhaa za nje. Tena wasomaji wa wakati ule walijua kuwa dola inaweza kuufikia mwanga wa nyumbani, kwa kuwa Ufaransa ilitoza kodi ya milango na madirisha tangu 1798, na haikuifuta hadi 1926.

Wengi hulisoma kama kisa cha serikali kuwaonea wafanyabiashara. Sikubaliani nao hata kidogo. Humo serikali haijatamka neno. Wanaobisha hodi ni wafanyabiashara wenyewe, wakitaka mkono wa dola umkabe mwenzao. Fumbo linalomchora mtawala mnono anayepora kiwanda cha mtu mwadilifu halitufundishi hili, na mafumbo ya aina hiyo ni mengi kupita kiasi.

Hata hivyo, Bastiat amejichagulia mshindani rahisi. Jua halitoi moshi, halina vibarua wa kupunjwa, wala halitapandisha bei baada ya watengenezaji mishumaa kufilisika. Kampuni inaweza kufanya yote hayo. Kwa hiyo kila nisomapo fumbo la siasa, huuliza: kitu hiki kimesimama badala ya nani, na ni sifa gani ya huyo mtu imeachwa nje?

Swali hilo linafaa pia kwa mzinga wa nyuki wa Bernard Mandeville, daktari aliyezaliwa Uholanzi akaishi London. Katika shairi lake la 1705, nyuki walafi na wapenda anasa wanastawi. Wanapogeuka waadilifu, biashara inadorora na mzinga unabaki karibu mtupu. Watetezi wa soko huria humhesabu Mandeville kuwa wao. Lakini alilipanua shairi kuwa kitabu mwaka 1714, na katika toleo la 1723 aliandika kwamba maovu ya mtu binafsi huweza kugeuzwa faida ya umma kwa usimamizi wa mwanasiasa stadi. Katika maelezo yake anakwenda mbali zaidi: anataka watawala wahakikishe bidhaa zinazoingia hazizidi thamani ya zinazotoka, na kwa ajili hiyo watoze ushuru mzito baadhi ya bidhaa na nyingine wazipige marufuku. Watengenezaji mishumaa wa Bastiat wangempigia makofi.