Je, wajua kompyuta hujuaje ni biti ipi, yaani 0 au 1 ipi katika data yake, iliyoharibika?

Kwa miaka mingi niliwaeleza watu, tena kwa kujiamini, kwamba kompyuta hujikinga na makosa kwa kuweka nakala. Nakala mbili zikitofautiana, inajua pana kosa; zikiwa tatu, mbili zinazokubaliana zinaishinda ya tatu. Maelezo haya huingia akilini upesi, na hapo ndipo yaliponinasa. Kura ya nakala tatu ipo kweli na ina kazi zake, lakini siyo inayolinda kumbukumbu ya seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Katika kumbukumbu ya aina hiyo, kwa mpangilio uliozoeleka miaka mingi, kila biti 64 za data husindikizwa na biti 8 tu za ulinzi. Nakala tatu zingehitaji biti 192. Hapa tuna 72. Biti nane haziwezi kuwa nakala ya biti sitini na nne hata uzikunje vipi, na bado biti moja ikigeuka, 0 ikawa 1, mashine huipata ilipo na kuirudisha kimyakimya.

Aliyeonyesha njia ni Richard Hamming, mwanahisabati wa Marekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1915. Alipita Los Alamos wakati wa mradi wa bomu la atomiki, na mwaka 1946 akaingia Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, ambako kwa muda alikaa ofisi moja na Claude Shannon, baba wa nadharia ya habari. Kompyuta aliyoitumia huko ilijengwa kwa rilei, yaani swichi za sumaku zinazojifunga na kujifungua, na yeye aliruhusiwa kuitumia wikendi tu. Mashine hiyo ilikuwa na uwezo wa kugundua kosa. Siku za kazi ikigundua, palikuwa na watu wa kuishughulikia. Wikendi hapakuwa na mtu, kwa hiyo iliitupa kazi yenye kosa na kushika inayofuata. Wikendi mbili mfululizo Hamming alirudi akakuta kazi yake imetupwa. Alikasirika, akauliza: kama mashine inaweza kujua kuna kosa, kwa nini isijue liko wapi, ikalisahihisha yenyewe?

Tuliangalie swali hilo vizuri, maana mimi nililipita. Hamming hakuuliza thamani sahihi imehifadhiwa wapi. Aliuliza kosa liko wapi. Ukiambiwa tarakimu ya tano katika namba ya simu imekosewa, bado una tarakimu tisa za kubahatisha. Biti haina ubahatishaji huo: kama 1 si sahihi, basi ni 0. Ukishajua mahali, umeshajua jibu. Nakala niliyokuwa naitafuta miaka yote ile haikuwa na kazi.

Sasa mahali panajulikanaje? Fikiria vyumba saba vyenye namba 1 hadi 7, kila kimoja na taa yake. Taa inayowaka ni 1, iliyozimwa ni 0. Wako walinzi watatu. Wa kwanza anaangalia vyumba 1, 3, 5 na 7. Wa pili anaangalia 2, 3, 6 na 7. Wa tatu, 4, 5, 6 na 7. Kila mlinzi ana sheria moja tu: taa zinazowaka katika vyumba vyangu lazima ziwe shufwa. Zikiwa witiri, analalamika. Hajui ni chumba kipi, wala hahitaji kujua.

Ujumbe wetu ni 1011, na tunauweka katika vyumba 3, 5, 6 na 7. Vyumba 1, 2 na 4 ni vya walinzi wenyewe, kila mmoja na chake, wanawasha au kuzima taa humo ili hesabu yao iwe shufwa. Wa kwanza anaona taa mbili katika 3, 5 na 7, kwa hiyo anaacha yake imezimwa. Wa pili anaona tatu katika 3, 6 na 7, anawasha yake. Wa tatu anaona mbili, anaacha. Mstari mzima unasomeka 0110011.

Taa ya chumba cha 6 inazimika. Mlinzi wa kwanza hana habari, hesabu yake haijaguswa. Wa pili anahesabu taa tatu, analalamika. Wa tatu anaona moja, naye analalamika. Sasa jumlisha namba za vyumba vya waliolalamika: 2 na 4 ni 6. Chumba cha 6. Nilipofanya hesabu hii kwa penseli mara ya kwanza nilirudia na vyumba vingine vyote, nikitumaini kukuta kimoja kinachokataa. Hakuna, kwa sababu kila namba kutoka 1 hadi 7 hupatikana kwa kujumlisha 1, 2 na 4 kwa namna moja tu.

Na taa ya mlinzi mwenyewe ikiharibika? Nilidhani hapo nimeubana mfumo. Kumbe hapo mlinzi mmoja tu ndiye atakayelalamika, na namba inayotoka ni ya chumba chake.

Gharama nayo hupanda polepole. Walinzi watatu wanatosha vyumba 7, wanne 15, watano 31, sita 63, saba 127. Ndiyo maana biti 64 za data huhitaji walinzi saba.

Wa nane anatokana na udhaifu ambao wasimuliaji wengi huuruka. Zizime au ziwashwe taa mbili kwa pamoja, tuseme za 5 na 6: mlinzi wa tatu ana vyumba vyote viwili, hesabu yake inabaki shufwa, ananyamaza. Wa kwanza na wa pili wanalalamika. Jumla ni 3, na chumba cha 3 kisicho na hatia kinageuzwa. Makosa mawili yamekuwa matatu. Kwa hiyo anaongezwa mlinzi wa kuhesabu vyumba vyote: wengine wakilalamika naye akanyamaza, mashine haiwezi kusahihisha makosa hayo mawili, ila inajua yapo.

Msimbo huu wa biti saba, yaani mpango wetu wa vyumba saba, ulionekana kwanza katika makala ya Shannon ya mwaka 1948, akimtaja Hamming. Makala ya Hamming mwenyewe ilichelewa kwa sababu ya mambo ya hataza, ikatoka 1950. Katikati, mwaka 1949, mwanasayansi Marcel Golay alichapisha maelezo mafupi yenye wazo hilo, na mjadala wa nani alitangulia ukazaliwa. Hamming alipata Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1968, akaenda kufundisha Monterey, California, mwaka 1976, na akafariki huko Januari 1998. Simu na diski vimejaa misimbo mingine yenye nguvu zaidi, kwa hiyo si haki kumpa kila kitu.

Lakini wazo lililo nyuma ya biti 72 za seva ni lake. Na siku biti mbili zikigeuka pamoja, walinzi wengine wakalalamika na wa nane akanyamaza, mashine kwa kawaida hufanya lile lile lililomkera Hamming: inaitupa kazi.