Claude Rains: sauti ya kutengenezwa

Katika darasa la sauti, mwanafunzi anayechanganya r na l hupenda kukaa nyuma. Amechekwa tangu shule ya msingi, na ameshajiaminisha kwamba jukwaa lina wenyewe. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, sisi wakufunzi wa uigizaji tuna mfano tunaoupenda: Mwingereza Claude Rains, ambaye wapenzi wa filamu za zamani humtambua kwa sauti hata kabla hawajamwona.

Alizaliwa Camberwell, kusini mwa London, tarehe 10 Novemba 1889. Baba yake, Fred Rains, alikuwa mwigizaji, ila nyumbani hali ilikuwa ngumu. Mtoto aliacha shule mapema akauza magazeti mitaani. Herufi r ilimshinda kabisa, hata jina lake mwenyewe alilitamka "Wains". Juu ya hayo, alikuwa na lafudhi nzito ya makabwela wa London, lafudhi ambayo haikumfaa mtu aliyetaka kucheza wafalme na mawakili.

Shule yake ikawa nyuma ya pazia. Katika jumba la His Majesty's, lililoendeshwa na Herbert Beerbohm Tree, alianza kama kijana wa kuzunguka vyumbani akiwaita waigizaji zamu zao zinapokaribia. Baadaye akapewa kukaa pembeni mwa jukwaa, mswada mkononi, kumnong'oneza anayesahau maneno. Wanafunzi wangu huidharau kazi hii. Lakini anayeifanya kila usiku huisikia sentensi ile ile ikikolea Jumanne na kuchacha Jumatano, na hujua ni wapi pumzi ilipomwishia msemaji. Tree alimwona kijana ana kitu, akamlipia masomo ya matamshi. Ulimi ukanyooka.

Vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Rains aliingia katika kikosi cha London Scottish, na mwaka 1916, huko Vimy, Ufaransa, shambulio la gesi likamwacha na jicho la kulia lisiloona karibu chochote. Alimaliza vita akiwa kapteni. Miaka ya 1920 alifundisha katika chuo cha kifalme cha sanaa za maigizo, RADA, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni John Gielgud na Charles Laughton. Kwa mtoto aliyeshindwa kutamka jina lake, hapo pekee pangetosha.

Filamu iliyompa jina, The Invisible Man ya mwaka 1933, ilimkuta akikaribia miaka 44. Muongozaji James Whale alihitaji mtu wa kuigiza mwanasayansi asiyeonekana: ama amezungushiwa bandeji kichwa kizima, ama hayupo machoni kabisa. Uso wa Rains unatokea kwa muda mfupi tu, mwishoni, mhusika anapokata roho. Kiburi, wazimu, kicheko, vyote vilibidi vipite kooni. Mwigizaji anayetegemea nyusi na macho asingefika popote.

Baada ya hapo alijenga maisha yake zaidi kwa nafasi za wahusika wasaidizi. Mhusika mkuu hupewa hadithi nzima. Msaidizi hupewa dakika chache, na lazima atuachie mtu kamili. Itazameni filamu ya Casablanca, ambamo yeye ni Kapteni Renault, mkuu wa polisi anayekula na kila upande. Anaufunga ukumbi wa starehe wa Rick, mhusika mkuu, huku akitangaza kwa ukali jinsi alivyoshtuka kugundua kwamba watu wanacheza kamari humo. Hapo hapo mfanyakazi anamletea pesa alizoshinda kwenye kamari hiyo hiyo. Rains hakonyezi jicho wala hatabasamu kutuonyesha kwamba ni mzaha. Anashusha sauti, anashukuru kwa adabu, anazipokea, kisha anarudi kwenye ukali wake kuwafukuza watu. Wachekeshaji wetu wengi hapo wangetumbua macho.

Aliteuliwa mara nne kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi: Mr. Smith Goes to Washington, Casablanca, Mr. Skeffington na Notorious. Hakuipata hata moja. Mimi naona katika Notorious, ya mwaka 1946, ndiko alikodhulumiwa zaidi. Anaigiza tajiri aliyeko Brazil, mshirika wa Wanazi, aliyempenda mwanamke ambaye kumbe ni jasusi. Alikuwa mfupi kuliko Ingrid Bergman, na muongozaji Alfred Hitchcock akalazimika kumwinua katika baadhi ya picha. Anapokwenda chumbani kwa mama yake kukiri kwamba ameoa jasusi wa Wamarekani, husikii jitu katili. Unamsikia mume aliyeaibika, na bila kutaka unamhurumia, ingawa muda si mrefu atashiriki kumtilia mkewe sumu.

Jukwaani, Marekani, alipata tuzo ya Tony mwaka 1951. Alifariki New Hampshire mwaka 1967. Anayetaka kumjua aanze na Casablanca, halafu Notorious. The Invisible Man aitazame mara mbili, ya pili akiwa ameipa skrini mgongo.