AC au DC? Pakiti ya vijiti ndiyo ya kwanza kusomwa

Mtu anayenunua mashine ya kuchomelea huuliza kwanza ina ampea ngapi. Si swali baya, ila linakuja mapema. Kwanza ajue atachoma vijiti gani, maana kijiti ndicho kinachochagua umeme. Mashine kazi yake ni kutii tu.

Namba iliyoandikwa kwenye pakiti inasema karibu kila kitu. Kwenye E6013, ile 60 inaonesha nguvu ya chuma cha mshono, 1 ina maana kijiti kinachomeka katika mikao yote, hata juu ya kichwa, na tarakimu mbili za mwisho zikisomwa pamoja zinaeleza aina ya unga uliopakwa na umeme unaofaa. E6013, ambacho ndicho kinachotumika zaidi kwenye mageti na grili zetu, kinakwenda na AC (umeme unaogeuka mwelekeo) na DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu), kikae kwenye chanya au hasi. E7018, cha kazi nzito, kinataka DC na kijiti kikae kwenye chanya. Vingi vya aina hiyo hukubali AC pia, lakini mashine iwe inatoa volti 70 na zaidi kabla kijiti hakijagusa chuma. E6010 hakina mjadala: DC, chanya. Ukikosa DC, chukua nduguye, E6011, aliyetengenezwa makusudi ili akubali AC.

Umeme wa ukutani, uwe wa Michenzani au wa Konde, ni volti 230 unaogeuka mizunguko 50 kwa sekunde. Katika kila mzunguko mkondo hupita sifuri mara mbili. Kwa hiyo moto wa kijiti hupoteza umeme mara 100 kila sekunde na kila mara lazima uwake upya. Jicho halioni, ila sikio linasikia ile ngurumo ya mashine ya AC. Unga wa 6013 na 6011 una potasiamu, ambayo huiacha hewa iliyo kati ya kijiti na chuma ikiwa bado inapitisha umeme, moto ukashika tena bila taabu. Unga wa 6010 umetegemea sodiamu, na hiyo haitoshi. Kichome kwa AC uone: kinanata, kinaruka, kinazima. DC haigeuki, kwa hiyo moto wake umetulia, kuuwasha ni rahisi, na matone ya chuma hayatawanyiki ovyo. Mwanafunzi hujifunza haraka zaidi kwa DC, na kazi ya kuchoma kwa kusimama au juu ya kichwa hutoka nadhifu.

DC ina pande mbili, na hapa mafundi wengi wana mashine nzuri wasiyoifaidi. Holda, yaani kishikio cha kijiti, ikiwa kwenye chanya, mshono huzama zaidi. Ikiwa kwenye hasi, kijiti huyeyuka upesi na mshono unakaa juu juu. Paipu ya mraba ya grili ambayo unene wake haufiki milimita mbili hutoboka kwa uzembe wa sekunde moja. Hapo weka 6013 cha milimita 2.5, holda kwenye hasi, anza na ampea 60 hivi, kisha panda kidogo kidogo mpaka kijiti kiache kunata. Ukitoka hapo ukaenda kwenye bawaba za geti zito, hamisha waya upande wa chanya. Ni kazi ya kuzungusha plagi mbili tu, lakini wangapi wanaifanya?

Kuna mahali DC inashindwa, na fundi wa zamani mwenye transfoma yake, ile mashine ya AC, hucheka. Unachoma kona ya ndani ya fremu ya chuma kinene. Ghafla moto unapinda, unakimbilia upande mmoja kama umepulizwa na upepo, chuma kinaruka, mshono unabaki na matundu. Upepo haupo. Mkondo unaokwenda upande mmoja tu umejenga sumaku ndani ya chuma, na sumaku hiyo inausukuma moto, hasa kwenye kona na miisho. Hamisha klempu ya ardhi (kibano cha waya unaorudisha mkondo kwenye mashine) upande mwingine, fupisha urefu wa moto, punguza ampea. Ikikataa, badilisha uchome kwa AC: kwa kuwa mkondo unageuka kila mara, sumaku haipati nafasi ya kushika. Ndiyo maana siungi mkono kutupa transfoma iliyo nzima kwa sababu tu inveta, mashine ya kisasa ya kielektroniki, imefika.

Lakini kwa kijana anayefungua karakana leo, nitamwambia anunue inveta ya DC. Tupige hesabu. Kuchoma kwa ampea 100 kunahitaji volti kama 24 kwenye moto, yaani wati 2,400. Inveta nzuri itavuta ampea 13 hivi kutoka ukutani. Transfoma ya kawaida, kwa kazi ileile, inaweza kuvuta mara mbili yake. Mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, haitozi tofauti yote hiyo, ila waya zinaibeba: plagi inayeyuka, taa za jirani zinafifia. Kwa karakana ya shamba iliyo mwisho wa laini, au inayotumia ekstensheni nyembamba ya mita 50, transfoma hushuka nguvu pamoja na volti za laini. Inveta hustahimili zaidi, ingawa nayo ina kikomo. Tazama kibati cha nyuma, usiangalie namba kubwa ya rangi iliyo mbele. Ikiandikwa ampea 160 kwa asilimia 60, maana yake dakika sita za kuchoma katika kila kumi, nne za kupumzika.

Adui wa inveta hapa kwetu ni hewa ya bahari na vumbi la grenda. Feni huvuta vyote viwili ndani, vikatua kwenye bodi. Usiiweke chini karibu na anayekata chuma.

Limebaki la usalama, na hili sitalipunguza. Kwa volti zilezile, AC ni hatari zaidi mwilini kuliko DC. Viwango vya kimataifa vya mashine za kuchomelea huruhusu AC hadi volti 80 mahali pakavu, lakini mahali penye maji au ndani ya tangi la chuma kikomo ni 48. DC inaruhusiwa hadi 113 popote. Sasa fikiria fundi aliyepiga magoti ndani ya boti ya chuma iliyopandishwa ufukweni Malindi au Mkoani, nguo zimelowa jasho na maji ya chumvi, transfoma ya kusukwa mtaani haina hata kibati cha kueleza inatoa volti ngapi. Hapo hakuna mjadala wa mshono mzuri. Tumia DC, kalia ubao mkavu, vaa glavu za ngozi zisizolowa, na mtu mmoja akae nje karibu na swichi. Klempu ya ardhi ibane kwenye chuma kilekile unachochoma, hatua chache tu kutoka kwenye kijiti. Ukiibana mbali, mkondo utatafuta njia nyingine ya kurudi, na ndani ya boti njia hiyo mara nyingi hupita kwenye beringi za injini.